Lamu au Zanzibar, na Guka ana goti bovu? Tafuteni nyumba kwanza

*Swali: Mimi na ndugu zangu wawili tunataka kuwapeleka wazazi wetu kisiwani Krismasi hii, pamoja na watoto. Guka, yaani babu yao, ana miaka 76, ana presha, goti la kulia limechoka, na hajawahi kupanda ndege. Shosho, nyanya yao, ana miaka 71, ana kisukari na anajidunga insulini. Watoto wangu ni wa miaka 3, 8 na 13. Kaka anataka Zanzibar, dada anataka Lamu, mimi nataka tu tusigombane. Tuanzie wapi? – Mama wa watatu, Kahawa West, Nairobi*

Dada, mnagombania kisiwa kabla hamjajua mtalala wapi, na kwa kundi lenu, swali hilo la pili ndilo zito. Mzee wa miaka 76 akifika pwani hashindi baharini. Anashinda nyumbani, kivulini, akitazama watu wakipita. Mtoto wa miaka mitatu naye inabidi atolewe juani kuanzia saa nne asubuhi hadi kama saa kumi. Hesabu saa hizo, utaona kwamba wawili hao wataijua nyumba kuliko watakavyoijua bahari. Nyumba ikiwa na ngazi ndefu, choo cha mbali na chumba kisichopitisha hewa, hata ufuo uwe mweupe namna gani, siku ya tatu Guka ataanza kuuliza mnarudi lini.

Kaka yako ana hoja nzuri ya Zanzibar, na nitaitaja kabla sijampinga. Unguja gari linafika mpaka mlangoni. Mnatoka uwanja wa ndege, mnapanda basi dogo, na Guka anashushwa hatua chache kutoka kitandani kwake. Kwa goti bovu hilo si jambo dogo. Mkienda huko, kaeni Nungwi au Kendwa, kule kaskazini, ambako maji hayaendi mbali yakipwa. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, inapendeza sana kwenye picha, lakini maji yakitoka unabaki na uwanda mrefu wa mchanga, majani na matumbawe. Mtoto wa miaka minane atafurahia kuchokoa vidimbwi, ila mtu wa miaka 71 mwenye kisukari hafai kuutembelea.

Kinachonifanya nisite ni chanjo. Tanzania huwadai wasafiri wanaotoka Kenya cheti cha homa ya manjano, kwa kila mtu aliyetimiza mwaka mmoja. Watoto wenu watachanjwa bila tatizo. Lakini chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara yake makubwa, ambayo ni nadra, huongezeka kwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na zaidi. Daktari wa wazazi wenu ndiye wa kupima jambo hilo, si kaka yako wala mimi. Akiona haifai ataandika barua ya kuwasamehe, na kukubaliwa kwa barua hiyo kutategemea afisa mtakayemkuta uwanjani. Kwanza, basi, waulizeni wazazi kama waliwahi kuchanjwa na cheti kiko wapi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10. Kama kipo kwenye ile bahasha ya hati za shamba, Zanzibar inarudi mezani. Kama hakipo, sioni sababu ya kumdunga mzee wa miaka 76 sindano ya kwanza ya aina hiyo ili tu akaogelee, na Kenya ina visiwa vyake. Zaidi ya hapo, Zanzibar inataka hati ya kusafiria kwa kila mmoja, hata huyo wa miaka mitatu.

Kwa hiyo mimi nasema Lamu, kwa sharti la nyumba.

Lamu gari halifiki mlangoni. Ndege inatua Manda, kisiwa cha jirani, mnatembea hadi gatini, mnaingia boti, na baada ya muda mfupi mko Lamu mjini au kijiji cha Shela. Kuanzia hapo ni miguu, punda au boti tena. Kijana wa miaka 13 atafurahia. Guka atataka kujua hatua ni ngapi kutoka boti hadi kiti cha kwanza, na swali hilo ndilo mnalopaswa kumuuliza mwenye nyumba kabla ya bei.

Nyumba za zamani za Lamu zilijengwa kwa watu waliojua joto. Unaingia kupitia daka lenye mabaraza ya mawe pande zote mbili, unatokea kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi juu, kisha vyumba virefu vyembamba vinafuatana. Ngazi zake ni za mawe, zina mwinuko mkali, na mara nyingi hazina pa kushika. Chumba kizuri kuliko vyote kiko juu kabisa, chini ya makuti, kwa sababu ndiko upepo uliko. Hapo ndipo familia hukosea: wanawapa wazazi chumba cha juu kwa heshima, na wazazi kwa adabu hawakatai, halafu mzee anashuka mara moja tu kwa siku na kuanza kupunguza maji ya kunywa ili asiende choo usiku. Mpeni Guka chumba cha chini chenye feni nzuri na choo cha kukaa ndani yake. Juu mkae ninyi wenye magoti.

Angalieni na kitanda. Vitanda vya kizamani vya Lamu viko juu, na mtu mfupi huhitaji kigoda ili apande. Ni vizuri kwa hewa na vibaya kwa mzee anayeamka usiku gizani. Mwambieni mwenye nyumba mapema aweke kitanda cha kawaida.

Picha za mtandaoni hazitawaonyesha haya. Mwombeni mwenye nyumba, au mtunzaji wake, atembee na simu kutoka gatini hadi kitandani akirekodi video moja isiyokatwa. Dakika chache hizo zitawaambia upana wa kichochoro, mfereji ulio katikati, ngazi za mlangoni, urefu wa kizingiti, giza la ngazi za ndani. Anayekataa kurekodi amekwisha kuwajibu. Waulizeni pia kuhusu umeme ukipotea: kuna jenereta au sola, na je, inaendesha friji? Nitarudi kwenye friji. Na maji ya bomba mjini huwa na chumvi, kwa hiyo ya kunywa ni ya kununua.

Mjini au Shela? Shela ina ufuo wa karibu kilomita 12 na utulivu, na watu wengi wa Nairobi huenda huko moja kwa moja. Lakini vichochoro vyake vina mchanga mlaini, na mchanga mlaini ni adui wa goti na wa fimbo. Kwenu ninyi ningechagua nyumba iliyo mbele, karibu na maji: ama Lamu mjini upande wa barabara ya pwani, ama Shela hatua chache kutoka gatini. Mjini kuna faida moja ambayo vijana hawaioni. Mzee akikaa kwenye baraza la nje jioni, hapitiwi na watu kimya. Atasalimiwa, ataulizwa anatoka wapi, ataletewa kahawa chungu, na kabla ya magharibi atakuwa ameanza kujadili bei ya mbuzi na mtu asiyemjua. Pia hospitali ya King Fahd iko mjini, na ukiwa Shela usiku, kufika hospitalini kunaanza kwa kutafuta boti.

Sasa tarehe. Wiki ya Krismasi yenyewe ni ghali, imejaa, na nauli za ndege hupanda. Shule zetu hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, na watoto wenu hawana haja ya kungoja tarehe 24. Ombeni likizo kazini wiki mbili za mwanzo wa Desemba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshaanza kuvuma, bahari imetulia kuliko ilivyokuwa wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na mvua za vuli zinaelekea kuisha. Aprili nisingewashauri kabisa, ni masika. Agosti ina ubaridi ambao wazee huupenda, lakini kusi bado lina nguvu, mawimbi makubwa, na mwani hutupwa ufukweni kwa wingi.

Na ndani ya wiki hizo mbili, chagueni siku kwa mwezi wa angani. Hili watu wa bara hawalifikirii, na ndilo litakaloamua kama Guka ataingia kwenye boti akitabasamu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikipita mita 3. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na adhuhuri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na maji hujaa kabla ya adhuhuri. Fikiria sasa ndege yenu imetua Manda adhuhuri siku ya bamvua. Boti iko chini kabisa, na ngazi za gati zilizokuwa majini asubuhi ziko wazi, zina ukijani na zinateleza. Mabaharia wa Lamu ni hodari, watamshika mzee mkono na kiuno, lakini kwa mtu ambaye ametoka tu kupanda ndege kwa mara ya kwanza huo ni mwanzo mbaya. Fikeni siku za nusu mwezi, boti ikiwa karibu usawa wa gati. Baada ya hapo kila siku maji yatajaa kwa kuchelewa kidogo, na kufikia mwisho wa wiki yatakuwa yamejaa kama saa kumi jioni, jua likiwa limepoa: wakati mzuri wa watoto kuoga. Siku ya kuondoka ngazi zitakuwa ndefu, ni kweli. Lakini nahodha atakuwa ameshalijua goti la Guka, na Guka ameshamjua nahodha.

Majedwali ya maji kujaa na kupwa yako mtandaoni, ila mtunzaji wa nyumba anayajua kichwani. Mpigie, mwambie tarehe, atakujibu hapo hapo.

Afya nitaisema kwa urefu kwa Shosho na kwa ufupi kwa wengine. Insulini isiwekwe kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege. Ibebwe mkononi, nusu kwa mtu mmoja na nusu kwa mwingine. Isiyofunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Inayotumika huvumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, lakini chumba cha Lamu mwezi wa Desemba saa nane mchana si chumba cha Kahawa West. Umeme ukikatika na friji ikanyamaza, mtungi wa udongo wenye maji kidogo, umewekwa kivulini penye upepo, utaituliza dawa iliyofungwa vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji. Mitungi haijaisha pwani. La pili ni miguu yake. Mtu ambaye kisukari kimepunguza hisia za nyayo anaweza kusimama kwenye mchanga wa saa saba, akaungua na asijue. Asiende pekupeku hata hatua tano, si ufukweni, si majini. Mnunulieni viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa, na usiku mwana mmoja amwangalie nyayo kwa tochi. Ni kazi nzuri kwa huyo wa miaka minane, macho yake ni makali.

Guka wa presha: kama kati ya dawa zake kuna ile ya kukojoza, joto la pwani litamkausha haraka kuliko Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mwulizeni daktari mapema anywe kiasi gani cha maji na afanye nini akisikia kizunguzungu. Madafu ni matamu, lakini yana potasiamu nyingi, na baadhi ya dawa za presha huipandisha potasiamu hiyo. Moja kwa siku halina neno kwa wengi. Ila daktari asikie kwanza.

Malaria inawahusu nyote. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga nayo, na babu na nyanya waliokaa nyanda za juu maisha yao yote ni hivyo hivyo. Nendeni kliniki wiki tatu au nne kabla, mpewe dawa za kuzuia kulingana na umri, uzito na dawa nyingine wanazotumia. Doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa walio chini ya miaka minane. Chandarua kila usiku. Na mtu yeyote akipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba mlikuwa pwani. Kuna pia bima za kusafirisha mgonjwa kwa ndege, AMREF Flying Doctors wanazo. Kwa wazee wawili kisiwani ningezilipia kabla ya kulipia jahazi la machweo.

Majini, mtoto wa miaka mitatu awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, na zamu zibadilishwe kwa sauti: "Sasa ni wewe." Watu wazima sita wakiwa ufukweni, kila mmoja hudhani mwingine anaangalia. Jaketi la kuelea la kipimo chake nunueni Nairobi. Kwenye vyombo vingi utakuta ya watu wazima tu, na mtoto huchomoka kwa chini.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Shosho msimfanye yaya. Najua mtaniambia anapenda wajukuu wake, na ni kweli. Lakini nimeona safari nyingi za aina hii ambamo wana na wakaza wana wanalala hadi saa tatu, jioni wanatoka kwenda kula samaki, na nyanya anabaki na watoto "kwa sababu hata hivyo hapendi kutoka". Aulizwe mbele ya watu, na akubaliwe akisema hapana. Kama mna dada wa kazi ambaye watoto wamemzoea, mlipieni tiketi na siku zake za kupumzika. Kama hamna, mtunzaji wa nyumba atawatafutia mama wa jirani wa kukaa na mtoto aliyelala, nanyi mmlipe vizuri.

Chakula kitawaondolea mzigo mkubwa. Nyumba nyingi za kukodi Lamu huja na mpishi. Jioni mnapanga naye, asubuhi mnampa pesa ya soko, na saa saba mna samaki wa nazi na wali mezani. Mwambieni mapema kuhusu kisukari: Shosho apikiwe samaki wa kuchoma na mboga, wali kidogo, na mahamri ya asubuhi yaliwe na wengine mbali kidogo na macho yake. Wa miaka mitatu ataomba chipsi kila siku. Apewe.

Ratiba iwe jambo moja kwa siku. Ngome ya Lamu iko karibu na pwani ya mji, na Guka anaweza kukaa chini uwanjani huku watoto wakipanda juu. Magofu ya Takwa, upande wa Manda, mnaingia kwa mkondo wa mikoko ambao hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo tena mwulizeni nahodha. Wa miaka 13 atachoka nanyi siku ya pili. Mpelekeni Matondoni akaone mafundi wa majahazi, au aombewe kwa nahodha akajifunze kushika usukani. Mjini wavae nguo za kufunika mabega na magoti, wakubwa na wadogo. Nguo za kuogelea ni za ufukweni.

Pesa: mko watatu, na nadhani hamlingani mifuko. Kila mmoja aseme anachoweza kabla nyumba haijachaguliwa, si baada. Mmoja awe mweka hazina, pesa ziingie kwenye namba moja ya M-Pesa, na wazazi wasisikie hesabu hata kidogo. Mzazi akijua mtoto fulani amekopa ili ampeleke Lamu, hatakula.

Na Guka akikataa ndege kabisa? Msimlazimishe. Mpelekeni Mombasa kwa treni ya Madaraka Express kutoka Syokimau, mkamalizie Diani, na siku moja mvuke kutoka Shimoni hadi Wasini, ambako pia hakuna magari. Barabara ya Dongo Kundu sasa inawavusha kwenda kusini bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Mkatieni tiketi ya daraja la kwanza yeye na Shosho, hata kama ninyi mtakaa la kawaida: viti vya kawaida vimetazamana, magoti yanagongana, na safari ni ya saa tano au sita. Nauli zilizoanza Januari 2024 zilikuwa shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu. Fikeni mapema, maana mizigo hupangwa chini mstari mmoja inuswe na mbwa, na kutoka hapo hadi behewani ni mwendo. Ombeni kiti cha magurudumu hata Guka akisema hakitaki.

Leo jioni ulizeni kile cheti cha chanjo. Kesho mpigieni mwenye nyumba kuhusu video. Tiketi za ndege zije mwisho, na mkizikata za uwanja wa Wilson, Nairobi, angalieni uzito: zile ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, na fimbo ya Guka, insulini ya Shosho na jaketi la mtoto haviachwi ili viatu vya mtu vipate nafasi.